Kesi za Hataza na Kicheko Kilichokosea Mlango

Agosti 2012, siku chache baada ya baraza la mahakama mjini San Jose, California, kuamua kwamba Samsung iilipe Apple dola bilioni 1.049, habari ilizagaa duniani kwamba Samsung imetuma malori 30 yaliyosheheni sarafu za senti tano hadi makao makuu ya Apple ili kulipa deni hilo kwa dharau. Waliosoma walicheka, wakawatumia wenzao. Ulikuwa uzushi mtupu. Sarafu ya senti tano ya Marekani ina uzito wa gramu 5. Dola bilioni moja ni sarafu hizo bilioni 20, yaani tani 100,000. Malori 30 hayafikishi hata sehemu moja ya mia ya mzigo huo. Na malipo yenyewe hayakufanyika mpaka Desemba 2015, tena kwa kiasi cha dola milioni 548.

Uzushi huo ungali vinywani mwa watu, na una ndugu zake wengi. Kesi za hataza baina ya makampuni zimegeuzwa hadithi za vijiweni: Apple imejimilikisha mstatili, Amazon imejimilikisha kubofya, mtu asiyetengeneza hata msumari anadai mabilioni. Mazoea haya yananisikitisha, kwa sababu yanamnufaisha anayeiga kazi ya mwenzake, na yanamwacha peke yake mfanyabiashara mdogo anayeonewa kwelikweli. Kesi tunazozicheka zaidi mara nyingi zina hoja nzito ndani yake. Zilizo za kipuuzi hatuzisikii, maana wanaotishiwa nazo hulipa kimyakimya na mambo yakaishia hapo.

Tuanze na mstatili. Inasemwa kwamba Apple ilipewa hataza ya mstatili wenye kona za mviringo, kisha ikamshitaki kila aliyetengeneza simu. Marekani hutoa hataza za uvumbuzi, zinazolinda jinsi kitu kinavyofanya kazi, na hataza za usanifu, zinazolinda sura yake. Hii ya pili huelezwa kwa michoro, na kinacholindwa ni sura nzima inayoonekana kwenye michoro hiyo, wala si kona moja au mstari mmoja ukichukuliwa peke yake. Kipimo kinachotumika ni cha mwaka 1871, katika kesi ya vishikio vya vijiko na uma za fedha iliyofika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani: je, mnunuzi wa kawaida, akitazama kwa makini ya kawaida ya mnunuzi, angedanganyika akadhani hiki ndicho kile?

Hilo ndilo swali walilopewa raia tisa wa baraza la San Jose. Mbele yao ziliwekwa hataza tatu za usanifu wa simu, moja ya uso mweusi wa mbele, moja ya uso huo pamoja na ukingo wake, moja ya mpangilio wa alama za programu kwenye skrini, pamoja na hataza za uvumbuzi kuhusu namna skrini inavyoitikia vidole. Walionyeshwa pia ripoti ya ndani ya Samsung ya mwaka 2010, yenye kurasa 132, iliyolinganisha simu yao na iPhone kipengele kwa kipengele na kueleza nini kirekebishwe ili ifanane nayo kwa ubora. Mtu anaweza kukubali au kukataa kwamba ripoti hiyo inathibitisha uigaji. Hawezi kusema kwa haki kwamba mlalamikaji aliyekuwa na ushahidi wa namna hiyo mkononi alikwenda mahakamani kupoteza muda wa watu.

Na lile umbo lililokuwa karibu zaidi na mstatili mtupu, yaani usanifu wa kompyuta bapa, lilishindwa. Baraza lilelile lililoipa Apple zaidi ya dola bilioni moja lilisema kompyuta bapa za Samsung hazikuvunja hataza hiyo. Mwezi mmoja kabla, Julai 2012, Jaji Colin Birss wa London alikuwa ameamua vivyo hivyo juu ya usanifu huo uliosajiliwa Ulaya: bidhaa za Samsung hazina mvuto uleule wa wepesi wa sura, kwa hiyo mtu hawezi kuzichanganya. Apple ikaamriwa itangaze hadharani kwamba imeshindwa. Mahakama zilichambua kifaa kwa kifaa, hataza kwa hataza. Wanaosema mstatili ulimilikishwa hawakufika kwenye sehemu hii ya hukumu.

Palipokuwa na shaka ya kweli ni kwenye fidia, na hapo ndipo kesi ilipokuwa ya maana kuliko pote. Mwaka 1885 Mahakama Kuu Kabisa iliamua kesi za mazulia. Wenye usanifu walikuwa wameshinda, lakini mahakama ikasema hawakuthibitisha ni faida gani ilitokana na nakshi na ipi ilitokana na zulia lenyewe. Wakapewa senti 6. Bunge la Marekani lilikasirika, na mwaka 1887 likatunga sheria kwamba anayeiga usanifu atoe faida yote aliyoipata kwa bidhaa hiyo. Kwa zulia, kanuni hiyo inaingia akilini: zulia ni nakshi yake. Kwa simu yenye betri, antena, kamera na programu zisizohesabika, kutoa faida yote kwa ajili ya sura ya nje kunatia wasiwasi hata mtu asiyeipenda Samsung. Dola milioni 399 za fidia zilitegemea kanuni hiyo ya mazulia. Desemba 2016, kwa kauli moja ya majaji wanane, Mahakama Kuu Kabisa ikasema kwamba bidhaa inayotajwa na sheria inaweza kuwa sehemu tu ya kile kinachouzwa dukani. Kesi ikarudi San Jose, na Mei 2018 baraza jipya likakadiria dola milioni 539. Mwezi uliofuata pande mbili zikapatana.

Miaka saba, basi, tangu kesi ifunguliwe, kujibu swali ambalo sheria ya karne ya 19 haikulitazamia. Swali hilo linamhusu kila anayebuni sura ya kitu, awe mtengenezaji wa viti au wa vitambaa.

Kesi hiyohiyo inatosha kuvunja dhana nyingine, ile inayosema mabilioni yanayotangazwa kwenye magazeti ndiyo yanayoingia mifukoni. Tamko la baraza la mahakama ni mwanzo wa safari. Desemba 2016 kampuni ya dawa ya Gilead iliambiwa ilipe dola bilioni 2.54 kwa sababu ya dawa zake za homa ya ini aina ya C. Februari 2018 jaji akaifuta hataza iliyodaiwa kuvunjwa, na rufaa ikathibitisha. Machi 2021 Intel iliambiwa, huko Waco, Texas, ilipe dola bilioni 2.18; Desemba 2023 mahakama ya rufaa ikaiondoa fidia hiyo yote. Siku ya tamko kila gazeti lilipiga kelele. Siku ya kufutwa, habari ilikuwa aya mbili kwenye ukurasa wa biashara, ndiyo maana msomaji anabaki akidhani mahakama za Marekani hugawa mabilioni kama njugu.

Kuhusu Amazon, wakosoaji wana haki kuliko wanavyojua, lakini kwa sababu isiyo sahihi. Hataza yake iliyotolewa Septemba 1999 haikuhusu kubofya kwenyewe. Mipaka ya hataza haimo katika jina lake wala katika muhtasari wake. Imo katika madai yaliyohesabiwa mwishoni, sentensi ndefu zilizopimwa neno kwa neno. Anayesoma jina tu akacheka ni sawa na anayesoma jina la mtaa kwenye hati ya kiwanja akadhani mwenye hati amemilikishwa mtaa mzima, bila kutazama vigingi. Madai ya Amazon yalihusu mfumo unaohifadhi taarifa za mteja kisha kukamilisha oda kwa tendo moja, bila kupitia kapu la ununuzi. Kwa maoni yangu hata hilo halikustahili hataza. Mfanyabiashara anayemwandikia mteja wake wa siku zote deni bila kumuuliza jina amekuwepo tangu zamani. Ila mahakama haikulifumbia macho. Amazon iliishitaki Barnes & Noble Oktoba 1999, ikapata amri ya zuio Desemba, katika msimu wa manunuzi ya Krismasi, na Februari 2001 mahakama ya rufaa ikaiondoa amri hiyo kwa kuwa uhalali wa hataza ulikuwa na maswali mazito. Mwaka 2002 wakapatana. Kinachoniuma hapo ni zile siku za Desemba: zuio linaweza kumuumiza mshindani kabla ukweli haujapimwa.

Dhana inayopendwa kuliko zote ni kwamba anayeshitaki bila kuwa na kiwanda ni mnyang'anyi. Naomba tuitazame kwa utulivu, maana ndani yake kuna dhuluma.

Jina la Singer limekaa kwa vizazi kwenye baraza za mafundi wetu wa cherehani. Mishono ile ina deni kwa mtu mwingine, Elias Howe, aliyepata hataza ya cherehani mwaka 1846, akashindwa kupata wa kuinunua mashine yake, akaenda Uingereza kutafuta riziki, na aliporudi akakuta wengine wanatengeneza na kuuza. Akashitaki. Mwaka 1854 Singer ikakubali kumlipa, na mwaka 1856 watengenezaji wakubwa walipounganisha hataza zao pamoja, Howe akawa anapata dola 5 kwa kila cherehani iliyouzwa Marekani. Kwa kipimo cha vijiwe vya leo, Howe ni dalali wa hataza. Alikuwa mvumbuzi aliyekosa mtaji.

Robert Kearns, profesa wa uhandisi mjini Detroit, alivumbua miaka ya 1960 wipa za gari zinazopumzika kati ya pigo na pigo. Aliwaonyesha Ford, akitaka yeye mwenyewe awatengenezee. Ford wakaachana naye, na mwaka 1969 magari yao yakatoka na wipa za aina hiyo. Alifungua kesi mwaka 1978. Ford wakalipa dola milioni 10.2 mwaka 1990, na Chrysler wakaamriwa kulipa baada ya hapo. Kearns hakuwa na kiwanda kwa sababu waliokuwa na viwanda hawakumhitaji tena. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hana haki ya kushitaki kwa kuwa hatengenezi ni kumwadhibu kwa kile alichofanyiwa. Vyuo vikuu navyo havina viwanda: Carnegie Mellon iliishitaki Marvell mwaka 2009 kuhusu njia ya kusoma data kwenye diski licha ya kelele za mawimbi, na mwaka 2016 Marvell ikalipa dola milioni 750.

Sheria ya Marekani ililisema hili wazi tangu mwaka 1908, katika kesi ya mashine za mifuko ya karatasi: mwenye hataza halazimiki kuitumia. Kilichobadilika ni nguvu ya zuio. Machi 2006 watengenezaji wa BlackBerry walilipa dola milioni 612.5 kwa kampuni iliyokuwa na hataza tu, wakihofia simu zao kuzimwa nchi nzima, ingawa Ofisi ya Hataza ilikuwa tayari inazitilia shaka hataza hizo. Miezi miwili baadaye, katika kesi ya eBay, Mahakama Kuu Kabisa ikaamua kwamba ushindi wa hataza hauleti zuio moja kwa moja. Mshindi lazima aonyeshe kwamba fedha haziwezi kumfidia. Asiye na bidhaa sokoni hupata shida kulionyesha hilo. Huo ndio utaratibu wa busara: alipwe haki yake, lakini asishike shingo ya soko zima.

Nimefika kwenye dhana yenye madhara kuliko zote, na inaonekana ya kiungwana: kesi isiyo na msingi itashindwa yenyewe mahakamani, kwa hiyo asiye na kosa hana cha kuogopa.

Kuanzia mwaka 2012 kampuni iitwayo MPHJ, ikitumia kampuni tanzu zenye majina yasiyoeleweka, iliwaandikia barua wafanyabiashara wadogo zaidi ya 16,000 kote Marekani. Ilidai kwamba yeyote anayetumia mashine ya ofisini kuskani karatasi na kuituma kwa barua pepe anavunja hataza zake, na ikataka kama dola 1,000 kwa kila mfanyakazi. Fikiria ofisi yenye watu 20. Barua inataka dola 20,000. Wakili wa hataza atataka kiasi kikubwa zaidi ya hicho kabla ya kusimama mbele ya jaji hata mara moja, na kesi ikifika mwisho gharama huhesabiwa kwa mamilioni. Kwa desturi ya Marekani, tofauti na Uingereza, kila upande hujilipia wakili wake hata ukishinda. Mwenye ofisi anaweza kuwa na haki kuanzia unyayo hadi utosi, na bado hesabu inamwambia alipe. Mwandishi wa barua anaijua hesabu hiyo. Ndiyo biashara yake. Kwa mujibu wa Tume ya Biashara ya Shirikisho, barua zilitishia kesi ambazo mwandishi hakuwa na nia ya kuzifungua. Jimbo la Vermont liliishitaki MPHJ Mei 2013 na mwezi huohuo likatunga sheria dhidi ya vitisho vya hataza vya nia mbaya. Tume ikafunga nayo makubaliano ya kukomesha vitisho hivyo Novemba 2014.

Hapa ndipo upuuzi ulipo, na hapakuwa na hukumu ya kuandikwa magazetini.

Watengenezaji wa podikasti walipitia jambo hilohilo. Kampuni ya Personal Audio ilidai kwamba hataza yake inagusa kila kipindi kinachosambazwa kwa mfululizo kwenye intaneti. Shirika la Electronic Frontier Foundation lilikusanya michango, likatafuta kumbukumbu za zamani, likaonyesha kwamba CNN na CBC ya Kanada zilikuwa zinafanya hivyo kabla ya hataza kuombwa. Aprili 2015 bodi ya Ofisi ya Hataza ikayafuta madai hayo. Njia waliyotumia, ya kuirudisha hataza kwa ofisi iliyoitoa ili ipimwe upya bila kesi kamili, ilikuwa mpya: iliwekwa na sheria ya mwaka 2011 na kuanza Septemba 2012. Mkaguzi mmoja wa hataza Marekani hupewa wastani wa saa 19 hivi kwa ombi moja, kulisoma, kutafuta yaliyotangulia, na kuamua. Makosa lazima yatokee, na palihitajika mahali pa kuyasahihisha kwa bei ambayo si tajiri peke yake anaimudu. Hata bei hiyo bado ni kubwa. Mwaka 2014, katika kesi ya Octane Fitness, Mahakama Kuu Kabisa iliwalegezea majaji masharti ya kumwamuru mshitaki mkorofi alipe mawakili wa mwenzake, na mwaka 2017 ikawazuia walalamikaji kukimbilia wilaya moja ya mashariki mwa Texas waliyoizoea kwa sababu iliwafaa. Hatua hizi zimesaidia mtu wa kawaida kuliko vicheko vyote kuhusu mstatili.

Mwisho kuna wanaosema: hayo ni ya Wamarekani, yanatuhusu nini?

Mwaka 1998 kampuni 39 za dawa ziliishitaki serikali ya Afrika Kusini kwa sababu ya sheria iliyoruhusu, pamoja na mengine, kununua dawa ileile yenye hataza kutoka nchi inakouzwa kwa bei nafuu. Dawa za kufubaza VVU zilikuwa zinauzwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Februari 2001 Cipla ya India ilijitolea kuzitoa kwa dola 350. Aprili 2001, wagonjwa wakiwa wamejaa barabarani, makampuni yakaiondoa kesi. Mawakili wao walikuwa wabobezi na hoja zao ziliandikwa vizuri. Hakuna aliyeiita kesi ya kipuuzi, na ilichelewesha dawa wakati watu wakifa. Mwaka huohuo Kenya iliweka ruhusa ya ununuzi wa namna hiyo katika Sheria ya Mali ya Viwandani.

Kisha ikakaribia kuipoteza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa ghushi iliandikwa kwa maneno mapana kiasi kwamba dawa halali za bei nafuu, zenye kiambato kilekile, zingeweza kukamatwa kama bandia. Wakenya watatu wanaoishi na VVU walikwenda mahakamani, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu hivyo vinatishia haki yao ya kuishi, ya utu na ya afya, akaitaka serikali ivitazame upya. Kesi hiyo ilifunguliwa na watu wasio na kampuni wala mabilioni, na ndiyo kesi ya mali ya ubunifu ninayotamani kila mwanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki aisome.

Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika kundi la nchi masikini zaidi, ambazo Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu kutolinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Ruhusa hiyo haijitekelezi. Lazima sheria ya nchi yenyewe iitumie, kama Uganda ilivyofanya katika Sheria yake ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2014. Nchi inayoiacha kwenye makaratasi ya shirika hilo huko Geneva inabaki na mlango ambao mwenye hataza anaweza kuingilia mahakamani wakati wowote, kwa kesi yenye msingi kamili wa kisheria.